Msuko wa Biskuti

Inès alikuwa akitoka nyumbani kabla Mreno wa mkate pale kona hajafungua duka. Tuliishi nyumba moja mtaa wa Rosettenville, wao chumba cha mbele, sisi cha nyuma, jiko la wote. Kwa hiyo nilimjua kwa sauti: zipu ya koti, maji ya bomba, kisha mlango, polepole, buti amezibeba kwapani asimwamshe mama yake. Na mama yake, Emérite, alikuwa macho siku zote. Aliniambia mwenyewe kwamba hulala akisikiliza tu.

Mama Inès alikuwa msusi. Wanawake walitoka mbali, hata Soweto, kuja kukaa kwenye kiti chake, kwa sababu msuko wake haulegei mpaka mwezi uishe. Alivuta kweli kweli. Ukitoka pale macho yamepanda juu, na ukilalamika anakuambia, "Urembo umekuja kuufuata wewe, siyo mimi." Kisha anamsema binti yake. "Mimi nasuka vichwa vya watu, wangu anakwenda kusugua farasi. Hata msuko wa twende kilioni hajui!"

Lawama ilikuwa ya baba, Méthode. Yeye alitunza farasi kwenye mabanda ya Kyalami, na Inès alipokuwa mdogo alimchukua kila Jumamosi ili mama asuke kwa raha. Mtoto akakulia katikati ya kwato. Wakati ule alikuwa msichana mzima, mwembamba, mwenye kovu dogo kidevuni, na alipanda farasi wa watu wengine kana kwamba alizaliwa juu yao.

Mwaka ule wa 2012, baridi ilipoanza kuisha, nilipata kazi ya kufua mablanketi ya farasi palepale. Nilikwenda na mwanangu Duni mgongoni. Ndipo nikaona alichokuwa akikifanya Inès asubuhi zote zile.

Farasi wake aliitwa Biskuti. Yaani si wake. Alikuwa wa Missis Hettie, mwenye mabanda. Rangi yake ilikuwa ya biskuti iliyokaa motoni kidogo zaidi, na manyoya ya baridi yalikuwa yanamtoka kwa mafungu. Inès akimpiga brashi, upepo wa Agosti unayachukua mpaka kwenye sabuni yangu. Alimtembeza kwenye kilima cha lami taratibu ili miguu ikaze. Alimrusha juu ya miti iliyowekwa chini, kisha ya juu kidogo. Na kwa kuwa Biskuti aliogopa mifuko ya plastiki kuliko kitu chochote, Inès aliifunga kwenye uzio mmoja mmoja, akamzungusha hapo huku akimsemesha Kirundi cha kwao, mpaka siku moja farasi akasimama akataka kuula mmoja.

"Mwone mjinga wangu," akaniambia, anacheka. "Jana alitaka kuniua kwa ajili ya huo huo."

Missis Hettie alikuja akaegemea uzio. Alikuwa mama mkavu, mwenye kofia iliyofifia, lakini hakuwa mtu mbaya. "Inès," akasema, "mashindano ya kwanza ya Septemba nataka nimwone ametulia. Akitulia, msimu wote ni wako. Asipotulia, kuna kijana wa Sandton anamtaka, nitampa yeye. Na umsuke nywele za shingo vizuri safari hii. Mwaka jana alionekana kama fagio."

Méthode akacheka mpaka akashika magoti. Mtoto wa msusi!

Mimi ndiye niliyeyapeleka maneno hayo nyumbani. Mama Inès aligeukia sufuria. Alikoroga isombe, kisamvu cha kwao, akaonja, akaongeza chumvi. Lakini siku ya mashindano nikamkuta amesimama mlangoni amevaa kitenge cha harusi, mkoba wa vitana mkononi.

"Tunachelewa," akasema.

Tulipofika, Méthode aliacha ndoo. "Eish! Mama Inès huku? Nani amekufa?"

"Utakufa wewe ukiniziba njia. Yuko wapi huyo mteja?"

Akapanda juu ya kreti, akashika nywele za shingo za Biskuti, akazipima kwa vidole. "Tulia, mama," akamwambia kwa sauti ya saluni.

"Ni dume, mama," Inès akasema.

"Basi tulia, baba."

Sijapata kuona kitu kama kile. Vifundo vidogo, sawasawa, vimelala shingoni kama shanga. Watunzaji wengine wakaja kutazama. Missis Hettie akapiga mluzi. Méthode akasema hata siku ya harusi mkewe hakujipamba hivyo. Inès alimshika mama yake mkono, hakuuachia upesi.

Shida ilianza Inès alipompanda kumpasha misuli moto. Biskuti hakutaka kuinamisha shingo. Alitikisa kichwa, akalaza masikio, mkia ukapiga huku na huku. Mti wa mazoezi ukaanguka, na mwingine. Missis Hettie alivua kofia akaivaa tena. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji, kwa hiyo niliwasikia baba na mtoto.

"Ni nywele," Méthode akasema chini chini. "Zinamvuta. Mwambie mama yako."

"Siwezi, baba. Mwangalie."

Pale uzioni Mama Inès alikuwa akimwonyesha mwanamke asiyemjua kabisa: ile kazi ni yangu, na yule mtoto ni wangu.

"Utampoteza farasi."

"Najua."

Lakini Mama Inès hakuwa mtu wa kutazama na asione. Tabasamu lilipungua polepole. Alipita chini ya uzio na kitenge chake, akaweka kiganja kwenye ngozi ya shingo, palipoanza vifundo. Kisha akamtazama Duni mgongoni kwangu. Wiki ile ile alikuwa amemsuka, na mtoto alilia kila kichwa chake kilipogusa mto.

"Nimemkaza," akasema. "Shuka."

"Mama, watatuita sasa hivi."

"Inès, shuka."

Mama Inès akafumua kwa mkia wa kitana, Méthode kwa vidole, mimi nikakata nyuzi za vifundo kwa meno. Kifundo cha mwisho kilipofunguka, Biskuti alishusha kichwa mpaka kwenye nyasi, akapumua pumzi ndefu sana.

"Pole, baba," Mama Inès akamwambia. "Pole."

Wakaingia uwanjani nywele zimejaa mawimbi, watu wanacheka. Mfuko wa plastiki ulipita mbele yake, wallahi, na Biskuti akaupa sikio moja tu. Mti mmoja ulitikisika, ukakaa. Mingine hakuigusa.

Missis Hettie alitusogelea. "Nani amemfanya aonekane kama mwanamuziki?"

Mama Inès akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mh." Missis Hettie akamgeukia Inès. "Jumatatu asubuhi mtembeze tu, usimrushe. Mna msimu mrefu."

Inès alificha uso kwenye shingo ya farasi, na mama yake akajifanya anatafuta kitana.

Wiki chache baadaye nilimpeleka Duni kusukwa tena. Mama Inès alimweka katikati ya magoti, akashika fungu la kwanza, akavuta kidogo, akasimama.

"Inauma, mama?" akamwuliza.

Wateja wote wakageuka.