Nyuma ya Mama Mkwe

Miaka ile ya mwanzo ya vyama vingi, neno demokrasia lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Mimi nikilisikia hata leo roho inaniuma.

Mama yangu alikuwa mwanika dagaa kwenye mwalo mmoja mdogo, ufukwe wa kushushia samaki, nje kidogo ya Kirumba. Mjane, hana mtoto wa kiume hata mmoja, alituzaa mabinti watupu. Chumba alichopanga, unga, sabuni, vyote vilitoka kwenye ule mchanga wa kuanikia. Ndipo akaja tajiri wa sangara. Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa na kila mwenye mtumbwi alikuwa anamfukuzia sangara. Huyu akautaka ufukwe wote, ajenge gati na ghala la barafu, auzungushie ukuta. Wakubwa wakasema mambo ya kuamuliwa juu yamekwisha, wananchi wachague wenyewe mwenyekiti wa mwalo, na huyo ndiye atakayekubali au kukataa. Tajiri akamsimamisha msimamizi wa mitumbwi yake. Sisi wanawake tukamsimamisha mama.

Tajiri akapika pilau, watu wakala mpaka wakajilamba vidole. Hatukuhangaika. Wavuvi walikuwa wetu, maana wake zao ndio waliokuwa wakianika pale. Mume wangu mwenyewe aliniambia, tena bila kuulizwa, kwamba ufukwe ukienda na sisi tumekwenda, na kura yake ni ya mama. Mashemeji zangu wote walisema vivyo hivyo majumbani mwao.

Sasa, kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Akimwona njiani, anaacha njia. Hampi mkono, hali naye, halali chini ya paa la mama mkwe, wala mama mkwe halali chini ya paa lake. Na mkwe si yule aliyemzaa mkeo tu, ni pamoja na dada wote wa huyo mama. Kwa jinsi tulivyokuwa tumeoleana pale, mama alikuwa mkwe wa karibu nusu ya wavuvi. Hilo tulilijua tangu utotoni, na jamani, hakuna aliyelifikiria. Sisi tulijua kura ni karatasi.

Siku yenyewe mtendaji wa kata akafika na kipaza sauti, akatangaza kwamba kila mgombea asimame pake, na anayemtaka apange mstari nyuma yake.

Nilinyoosha mkono. Nikamwomba tupige kura ya siri, hata kwa kutumbukiza kokoto kwenye ndoo. Akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi anaongea. Akasema wengi wetu hatujui kusoma, siri itatuchanganya tu. Halafu akauliza kama tumesahau maiti zilizoletwa ziwani na mto kutoka nchi ya jirani. Akasema wale nao walianza hivyo hivyo, kila mtu na kundi lake, kila mtu na siri yake. Watu wakainama. Maiti zile tuliziona kwa macho yetu, na baada yake dagaa wetu walikaa bila mnunuzi mpaka wakaoza. Hakuna aliyetaka kubishana na hilo. Hata mimi nilikaa chini.

Mistari ikaanza. Wanawake tulijipanga nyuma ya mama. Walioajiriwa na tajiri, na walioshiba pilau, wakajipanga kule kwa msimamizi wao. Na wakwe wa mama wakabaki kando, kwenye mitumbwi, kundi lililotosha kumpa ushindi, wanatazama miguu yao. Mume wangu alikuwa katikati yao. Nilimkonyeza, nikamwita kwa mkono, nikamtukana kimoyomoyo. Wapi.

Mtendaji akasema asiye kwenye mstari hahesabiwi.

Hapo mama akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona na sijaliona tena. Alichukua khanga yake akajifunika kichwa chote na uso, akawapa mgongo wakwe wale, akageukia nchi kavu. Halafu akasema nao kwa sauti, yeye ambaye hakuwahi kutamka neno mbele ya mkwe.

"Wanangu, nimejifunika. Sioni mtu. Njooni."

Laiti angenyamaza. Kusikia sauti ya mkwe ikiwaita wao wenyewe, hadharani, kuliwamaliza. Walirudi nyuma mpaka wengine wakaingia majini. Mtendaji akahesabu, msimamizi akapita, watu wakapiga makofi. Mama alibaki amesimama na ile khanga usoni mpaka nilipokwenda kumfunua.

Nimekwisha kuwasikia wasomi wakisema kwamba demokrasia si ya watu kama sisi, kwamba wengi ni wajinga na hununuliwa kwa sahani ya wali. Walionunuliwa walikuwepo, sikatai. Lakini wengi hawakununuliwa. Wengi walimtaka mama, walijua wanachokitaka na kwa nini, na walitembea na kura zao vifuani hadi nyumbani kwa sababu hakuna aliyewapa hata kipande cha gunia cha kujificha nyuma yake. Hasira hiyo ninayo mpaka kesho.

Ukuta ulijengwa. Mama alijaribu kuanika juu ya miamba upande wa Igogo, wenyeji wa kule wakamfukuza. Kodi ikamshinda, mwenye nyumba naye akamtolea vitu nje.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Jioni ile vitu vilipotolewa nje, alikuja amejikunja, akaniambia nimlete mama akae kwetu, mila tutaifumbia macho, yeye atahamia chumba cha nyuma na atapita mlango wa uani asikutane naye. Nikaenda kumweleza mama. Nilimkuta ameketi juu ya godoro lake barabarani.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Kumbe mila inafumbiwa macho. Mwambie angeifumbia siku ile, leo nisingekuwa na haja ya chumba chake."

Nilikwenda nikamwambia, neno kwa neno.