Ng'ombe Waliomnyima Bibi Nesi

Siku ile ya kamati siisahau, mwanangu, na hasira yake bado ninayo. Mimi si mzee, wewe mwenyewe bado unanyonya. Lakini nikisubiri mvi ndipo nikuambie, maneno yatakuwa yamelainika, na sitaki yalainike.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi kwa bibi yangu kule Sapiwi. Bibi alikuwa amepooza upande mmoja, na kiunoni ana kidonda cha kulalia. Matibabu yalikuwa yameanza kuchangiwa, hakuna tena cha bure. Ndipo zahanati ya misheni ikatangaza kwamba mzee asiyejiweza, asiye na mali wala mtu wa kumlipia, nesi atamfuata nyumbani kila wiki bila malipo. Sharti ni moja tu, kamati ya kijiji ije ihakiki.

Wakaja wawili, katibu na fomu zake, na mwenyekiti wa kitongoji. Walinikuta nafagia zizi.

"Mwangaluka, msomi," mwenyekiti akanisalimia kwa Kisukuma, akinitania. "Kumbe Kiingereza nacho kinazoa mavi?"

"Mwangaluka, babu. Kinazoa, na ugali kinasonga."

Katibu hakucheka. Akanyoosha kalamu zizini. "Ng'ombe hawa wa nani?"

Hapa nisikilize vizuri. Wale ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wa kubilisa. Mwenyewe, mzee Masunga wa Mwamapalala, alimkabidhi marehemu babu awatunze. Sisi tulikunywa maziwa, ng'ombe wakabaki wake. Kwetu jambo hilo halitangazwi. Mwenye mifugo hapendi ijulikane anayo mingapi, na anayemtunzia hapendi zizi lake lionekane la kuazima. Akiuliza mgeni, unasema wa kwetu. Nilikua nikisikia hivyo.

"Wa kwetu," nikasema. "Wa bibi."

Mwenyekiti akakohoa. Alijua! Alijua vizuri kabisa, akainama kutazama viatu vyake.

"Wote?" katibu akauliza.

"Wote. Kwani tunaonekana ombaomba?"

Hilo la mwisho hakuna mila iliyonituma kulisema. Niliona aibu bibi wa mtu aliyesoma kuandikwa fukara, basi.

Katibu akawahesabu, akaandika, wakaondoka. Ndani hawakuingia. Mlango uko wazi, harufu ya kidonda inafika uani, na hakuna aliyechungulia.

Wiki iliyofuata nikamwona nesi anapita na baiskeli kwenda kwa jirani. Nikamkimbilia. Akafungua daftari.

"Bibi yako hayumo, dada. Ana ng'ombe kumi na mmoja. Uzeni mmoja mumlete zahanati."

Kumuuza ng'ombe wa mtu ni wizi. Nikadandia lori la mnunuzi wa pamba hadi Mwamapalala, nikampigia magoti mzee Masunga aje aseme ukweli.

"Nije nihesabiwe mifugo mbele ya kamati?" akasema. "Ulisema wa kwenu, binti. Haya, wa kwenu."

Siku nne baadaye akatuma watu, wakawaswaga wote. Wa kwetu, eti!

Bibi alisikia kwato zikitoka. Ikabidi nimweleze yote. Hakunifokea, na afadhali angenifokea.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "ulinifunika kwa ng'ombe wa watu. Sasa mwenyewe kaja kuchukua nguo yake. Nenda kawaambie niko uchi."

Nikaenda kwenye mkutano wa kijiji, nikasimama mbele ya wanaume na wake zao, nikasema: "Nilidanganya. Bibi yangu hana hata ndama. Na mwenyekiti alijua." Wengine walicheka. Nesi naye alikuwapo, hakucheka. Alinyanyuka palepale akamwambia katibu amfuate hadi kwetu.

Nesi akafungua kitambaa cha kidonda. Mwanangu, niliona mfupa. Mimi niliyekuwa nakiosha kile kidonda kwa maji ya chumvi nilidhani ni usaha umeganda, kumbe ni mfupa wa bibi yangu. Katibu alitoka nje akatapika zizini, palepale alipohesabu ng'ombe.

Bibi akaandikwa siku hiyohiyo. Nesi alikuja mara tatu. Mara ya nne alitukuta tumekaa matanga.

Kwa hiyo nakuusia. Wakija siku moja kuuliza habari zangu, usinipambe. Sema mama ana hiki, kile hana, na kile kingine ni cha fulani, hata fulani akikasirika. Aibu yako isile dawa ya mtu mwingine. Na ukiwa wewe ndiye mwenye fomu, zizi liache kwanza. Inama, ingia ndani, mfunue mgonjwa, halafu ndipo uandike. Na ukiujua ukweli usitazame viatu.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe mdomo usioona haya kusema sina, na pua isiyokwepa harufu ya mzee wako. Bibi yako mkuu huko aliko akubariki, nami anisamehe.