Jabali la Matobolwa

Harufu ya viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani, ndiyo inayonirudisha Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, enzi za Mwingereza. Bibi aliyaanika matobolwa hayo juu ya jabali nyuma ya nyumba, nami, msichana mdogo, nikawekwa kuyalinda yasiliwe na mbuzi. Jiwe lilikuwa na joto tamu, nyuki walivuma, ile njia ya zamani ya misafara ilijinyoosha nyeupe hadi ikapotea miomboni, na mara nyingi sikujua kama nimelala au niko macho. Mwaka huo mvua ilitunyima, na maghala ya majirani yalikuwa matupu.

Mchana mmoja nilimwona jirani yetu, Mama Kalunde, akijaza matobolwa kwenye kanga yake. Mumewe alikwenda kukata mkonge, hajarudi wala hajatuma kitu, na watoto walikuwa wamekonda hadi unaogopa kuwatazama. Jioni nilimweleza Baba. Baba alikuwa mwinjilisti, mtu asiyepinda hata kidogo, na ndiye aliyekuwa akimfundisha Mama Kalunde amri kumi ili abatizwe Jumapili ile.

“Usiibe ni usiibe,” akasema. “Hakuna amri ya wenye njaa na nyingine ya walioshiba. Jumapili habatizwi.”

Bibi hakuinua macho kutoka kwenye chungu. “Kwani nani kaibiwa?”

“Wewe, Mama.”

“Mimi sijaibiwa. Yale nilimwanikia yeye.”

“Ulimwambia?”

“Nimwambie ili aje kunipigia magoti kwa ajili ya viazi? Aibu ya njaa huijui, mwanangu.”

Baba akaacha kula. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba mtu haweki mlinzi kwenye kitu alichokwisha kukitoa. Lakini mwenye mali ameshasema, na kumwita mama yake mwongo, thubutu!

Kesho yake Bibi akahamishia matobolwa jabali la chini, kando ya njia ya Mama Kalunde. “Ukisikia mtu anakuja,” akaniambia, “lala.” Nikalala. Sijapata tena siku tamu kama zile: macho nimefumba, jua liko kwenye kope, nyayo zinakuja taratibu, zinasimama, zinaondoka. Siku moja zilikawia, nikasikia tawi la majani likichomekwa karibu na kichwa changu, na kivuli kikanishukia usoni. Jumapili Mama Kalunde alibatizwa. Baba alilisoma jina lake bila kutazama upande aliokaa Bibi.

Sasa nimezeeka, naishi mjini, na matobolwa nanunua sokoni, yamefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Amri ile nawafundisha wajukuu zangu kama ilivyo, sipunguzi neno, na hadi leo sijaamua kati ya Baba na Bibi nani alikuwa sahihi. Nyumba yangu ina ukuta wenye vipande vya chupa juu, ina geti, ina kufuli. Hakuna anayeniibia. Mchana nikijilaza, siku hizi nalala kweli, na sijui ni nani anayepita nje na njaa yake.