Taa Nne Juu ya Paa, Njia ya Kilwa

Kwa miaka mingi nilikana kwamba jua likizama mimi huwa nusu kipofu. Nilikuwa na sababu nyingine za kutosafiri jioni, zote za kuheshimika: vizuizi vya askari, mashimo, mihadhara ya kesho yake. Ukweli ni kwamba magharibi ikifika, miti kwangu hugeuka watu na watu hugeuka miti. Jioni moja, karibu na kwetu, mtaa wa Hewa Bora, nilikisalimia kichuguu kirefu kwa heshima zote, nikakiuliza hali ya nyumbani, na kilipokaa kimya nikaona ni mtu mwenye majivuno.

Ninayasema haya kwa sababu bila hayo safari yangu ya Kilwa haielezeki. Mama yangu aliishi huko, Kilwa yetu ya ziwa Mweru, si ile ya pwani, akiuza samaki wakavu. Madereva wa malori waliniletea habari zake mmoja baada ya mwingine: siku hizi mama anachambua samaki kwa vidole, na wateja anawatambua kwa kikohozi. Ukungu mweupe ulikuwa umeziba macho yote mawili. Hospitali ya mjini Lubumbashi ilikuwa imempata daktari wa kuuondoa, lakini angekaa nasi mpaka mvua za kwanza tu, kisha aende zake. Na mvua hizo hizo ndizo huifunga barabara ya Kilwa. Nisipomleta mama kabla ya mvua, angeingia gizani, na hakuna aliyeweza kuniambia angetoka lini. Mara mbili nilimtumia lori limchukue. Mara mbili lilirudi na samaki na ujumbe ule ule: macho yake ni mazima, ni jua ndilo limepungua nguvu.

Ilibidi niende mwenyewe. Mume wangu alikuwa kazini Kolwezi, ameniachia gari lake kuukuu aina ya jipu na imani kubwa kupita kiasi. Barabara ile hailiki kwa mwanga wa siku moja. Hata ukiondoka saa ngapi, giza litakukuta njiani. Kwa hiyo nikaamua kulivika jipu taa za juu ya paa, nikimwambia kila aliyeuliza kwamba ni kwa ajili ya usalama wa wanyama.

Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, kabla ya kuondoka. Fundi wangu alikuwa Shitoyen Ramazani, yaani Mwananchi, kama Chama kilivyotuamuru tuitane. Babu yake alitoka Kasongo, Maniema, akaja kuuza vitambaa. Mjukuu aliuza umeme wa magari na maneno, na maneno hakuyatoza bei. Ua wake ulikuwa katikati ya baa na banda la fundi cherehani, hivyo kazi ilifanyika mbele ya watazamaji.

"Mama Profesa, unataka miinda ngapi?" Miinda ndiyo taa, kwa Kiswahili chetu.

"Mbili zinatosha, baba."

"Mbili?" Aliwageukia watu wa baa. "Munasikia? Mbili ni ya muntu anauza makala ya kupikia! Mi nitakuwekea ine. Bakubwa yote ya huu muji, ni miye njo nilibawekea."

"Lakini mi haiko mukubwa."

"Utakuwa."

Alifunga bomba la chuma kutoka ukingo mmoja wa paa hadi mwingine, kwa vibanio, bila kutoboa kitu, maana paa likitobolewa mvua hulijua tundu kabla ya mwenye gari. Juu ya bomba akazipanga taa nne, kubwa kama masufuria ya bukari, ugali wetu. Waya mnene akautoa kwenye betri, akaupitisha kwenye fyuzi, kisha kwenye kisanduku kidogo anachokiita relais, ndipo ukapanda pembeni mwa kioo hadi juu. Niliuliza kwa nini usiende moja kwa moja kwenye swichi. Akasema swichi yangu ni ndogo, ingeungua. Kazi yake ni kutuma salamu tu, na kisanduku ndicho kinachofungua mlango wa umeme mwingi. Nilimwambia hivyo ndivyo hata ofisi ya mkuu wetu wa kitivo inavyofanya kazi. Hakucheka. Alikuwa anakwangua rangi ya bodi ili waya wa kurudi ugusane na chuma kitupu.

Tulipowasha, taa zote nne zilitoa mwanga hafifu wa rangi ya chungwa, kama sigara nne zinazovutwa na watu wenye mawazo. Mimi niliona ni nzuri sana, nikashukuru.

"Nzuri?" alifoka Ramazani. "Mama, hii haiko mwanga, hii ni matanga!"

Kumbe balbu alizonunua sokoni zilikuwa za malori ya mgodini, yenye betri mbili. Kwa betri yangu moja zilikuwa zinasinzia. Alimtukana muuzaji, akamtukana muuzaji wa muuzaji, akatafuta balbu nyingine. Tuliporudia, ukuta wa mbele uligeuka mweupe mchana kweupe, na fundi cherehani akanyanyua mguu wake kwenye pedali akisema amekosa mshono.

Alfajiri nililiacha jiji. Bomba refu la moshi la kiwanda lilikuwa limeshaamka, na lundo jeusi la mabaki ya shaba lilielea juu ya ukungu kama kisiwa. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, mapori yakiwaka mbali bila sauti, na moshi umeipaka anga rangi ya maziwa yaliyomwagiwa chai. Jua lilipotoka halikuwa na makali. Ungeweza kulitazama usoni, jekundu na lisilo na haraka. Niliendesha ndani ya moshi huo kwa saa nyingi, nikiona vichuguu vya Katanga vimekaa kando ya njia kama wazee wanaosubiri kesi yao iitwe. Sikukisalimia hata kimoja.

Kizuizini, askari alikuja na uso wa kuomba karatasi. Alitazama paa, akasimama wima, akapiga saluti, akafungua kamba. Niliwaza kwamba adabu imerudi nchini.

Kasomeno, alasiri. Mama mwenye mkahawa wa mbao mbili alinipa bukari na samaki wa Luapula. Alikataa kuketi karibu nami ingawa nilimwomba.

"Hapana, mama. Nitasimama tu."

"Juu ya nini?" nilimwuliza sababu.

"Ni vizuri nisimame," alisema, akilitazama jipu langu kupitia mlango.

Baada ya Kasomeno, upande wa kushoto, milima ya Kundelungu ilianza kuwa ya buluu, kisha ya zambarau, kisha haikuwepo. Ilikuwa saa yangu ya hofu. Miti ilianza kuvaa nguo. Nikabonyeza swichi, na kitu kikalia tak chini ya boneti.

Sijui niielezeje saa iliyofuata. Barabara iliinuka kutoka gizani, ikaja kwangu, kila jani na jina lake. Vumbi lilisimama hewani kama unga uliopepetwa, na nondo weupe waliingia ndani ya mwanga kwa mamia, wakiruka polepole, kana kwamba gari langu lilikuwa chini ya maji. Nilimwona kwale. Niliyaona macho ya paka pori, mawe mawili ya kijani, na nikajua ni paka pori. Sikuwa nimeiona jioni tangu nilipokuwa msichana. Nilijikuta nikiimba. Kisha nikagundua kwamba siimbi peke yangu.

Kijiji kizima kilikuwa barabarani. Wanawake kwa mistari, wanaume wakipiga ngoma, wote wakicheza ile michezo ya Chama ambayo kila shule na kila ofisi ya nchi yetu ilifundishwa: hatua mbili mbele, mkono juu, jina la Kiongozi. Kijana mwenye beji kifuani aliufungua mlango wangu.

"Citoyenne Commissaire! Tulibaona mwanga yenu tangu kule mbali. Tunabapokea!"

Ndipo nikamwelewa askari, na mama wa Kasomeno. Katika eneo lile, gari lenye safu ya taa juu ya paa lilikuwa la mtu wa aina moja tu, kamishna wa serikali, na likionekana, kijiji hucheza kwanza na kuuliza baadaye. Niliwaambia mimi si mkubwa, mimi ni mama tu, naenda kumchukua mama yangu.

Kijana alimgeukia mwenzake. "Unasikia? Anatupima."

Kadiri nilivyokana ndivyo walivyocheza kwa bidii, maana mkubwa anayejificha ni mbaya kuliko anayejionyesha. Nilipokea hotuba, nikapokea kuku, nikasikiliza habari za daraja lililooza. Lori la samaki lililokuwa limeegeshwa pembeni liliondoka wakati huo kuelekea Kilwa, na habari zangu zikaondoka nalo.

Kilwa, usiku. Nililisikia ziwa kabla ya kuliona. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imeshawasha taa zake mbali majini, nyota zilizoshuka kufanya kazi. Mbele yangu, kwenye mwanga wangu mwenyewe, walisimama wanawake wa soko wamevaa vitenge vya Chama, na mbele yao, kwa sababu ya umri wake, alisimama mama yangu.

Nilishuka. Alikuja kwa hatua za kunyoosha miguu mbele kwanza, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Mama yangu mzazi alinikunjia goti.

"Karibu, Citoyenne Commissaire. Safari ilikuwa namna gani?"

Uso wake ulikuwa karibu na wangu kiasi cha kuninusa. Alikuwa akitabasamu tabasamu la kuwapa wageni.

"Mama," nilisema, "ni miye."

 Mikono yake haikuniachia. Ilipanda ikashika kiwiko, bega, sikio. Kisha akajinyoosha.

"Hii miinda yako!" alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Imeniua macho! Nani anaweza kuona kintu mbele ya jua ine?"

"Njo vile, mama, njo vile," wanawake walimjibu kwa haraka, na nikajua kwamba wamekuwa wakimjibu hivyo siku nyingi.

Asubuhi tuliketi mbele ya nyumba, na yeye akichambua samaki. Nilimweleza habari za daktari. Nilimweleza habari za mvua. Nina shahada ya kubishana, nayo haikunifikisha hata mlangoni. Kwa kila hoja alikuwa na jibu moja: taa zangu. Nilikuwa nimekuja umbali wote huo kumletea kisingizio kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Upepo ulikuwa umegeuka, na juu ya ziwa mawingu ya kwanza yalikuwa yanakaa pamoja.

Nilichoka. Ndipo nikasema kitu ambacho sikuwa nimekipanga.

"Mama, magaribi mi sione."

Vidole vyake vilisimama.

"Hauone nini?"

"Kintu chote. Njo maana niliweka miinda ine. Na hata na miinda, naogopa. Sasa ku kurudia, nani ataniangaria njia?"

"Tangu lini?"

"Tangu kitambo."

"Na bwana yako anajua?"

"Hapana."

"Mutoto wa bongo, unadanganya batu!" Alisimama, samaki wakamwagika. "Muntu haone, anaendesha motokari! Na wanafunzi wako banakuita profesa! Ngoja nivae viatu. Utaniua na aibu, ukianguka mu mutoni."

Njia ya kurudi. Alikaa kiti cha mbele, kioo kimeshushwa, uso wake ukiwa nje kidogo. Alinionyesha njia. "Hapa kuko daraja, polepole," na daraja likafika. "Hapa banachoma matofali." Moshi wa matofali ukaja baada yake. Barabara ile aliisoma kwa pua na kwa mgongo, na mara nyingi alikuwa sahihi. Mara moja tulipunguza mwendo kwa heshima ya kijiji tulichokuwa tumeshakipita, tukampisha mbuzi ambaye hakuwepo. Kwenye kijiji kilichonichezea, kijana wa beji alikimbia kando ya gari, na mama akatoa mkono dirishani akaupunga kwa uzito, bila kumtazama mtu, kama aliyezaliwa katika cheo. Kisha njia ikawa tupu. Moshi, miti, moshi. Nilihisi tunaota ndoto moja, kila mtu kwa macho yake mabovu.

Tulipokwisha kupita Kasomeno magharibi ilitukuta, nikabonyeza swichi.

"Unaona kintu, mama?" niliuliza.

Alifikiri. "Kule mbele kuko kintu cheupe. Kama muntu anamwaga unga." Baada ya muda akaongeza, taratibu sana, "Kisha hapana."

Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli kuhusu macho yake. Nilijifunza katika safari ile kwamba nilikuwa nimemwita mama aje kusaidiwa mara mbili, na mara mbili alikataa, kama ambavyo mimi ningekataa. Nilipomwomba anisaidie, hakumaliza hata samaki. Nilijifunza pia kwamba taa mbili zingetosha.

Mvua ya kwanza ilinyesha mama akiwa wodini, macho yamefungwa kitambaa. Mimi nilifundisha nikiwa na sikio moja kwenye chumba cha sekretari, ambako kulikuwa na simu iliyokuwa kimya muda mrefu hata wafanyakazi wakawa wanaiwekea birika juu. Katikati ya somo ililia. Sekretari alikuja mbio akiwa ameshika birika.

Aliyepiga alikuwa nesi wa hospitali. "Njo mutoto ya ule mama wa Kilwa? Tulitoa kitambaa sasa hivi. Anataka kusema na weye, yeye mwenyewe."

Nikasikia simu ikigongana na kitu, kisha pumzi.

"Mama? Unaona?"

Alishusha sauti, kama mtu anayeficha mdomo kwa kiganja.

"Docteur iko amesimama hapa mbele yangu," alinong'ona. "Kumbe iko katoto, hata ndevu hana! Kama ningemuona mbele ya kunipasua, singemuachia jicho yangu."