Kafedha na Sakafu ya Shangazi Kaviha

Kila kulipokucha, kabla ya mswaki na kabla ya chai, Kafedha alikaa ukingoni mwa kitanda akajiviringisha leso kuukuu miguuni, kisha akaisukumiza miguu ndani ya mabuti ya mpira, akakaza meno hadi visigino viingie.

Si kwamba miguu ilikuwa mibaya. Ilikuwa na jambo lake tu. Juu ya mchanga, hakuna neno. Lakini wayo mtupu ukigusa jiwe au simiti, ta! Ufa. Alizaliwa hivyo, kama wengine wanavyozaliwa na shoto.

Sasa nyumba yao ya Mwakirunge ilikuwa na sakafu ya simiti, na shangazi Kaviha aliipenda sakafu ile kuliko alivyowahi kumpenda marehemu mumewe. Kila ufa ulipotokea, dada mtu, Mweri, aliyekuwa akigonga kokoto timboni, kwenye machimbo ya mawe, alikimbilia kusema, "Ni mimi, shangazi. Nyundo imeniponyoka." Ikaponyoka mara kumi na tisa.

"Wewe una mikono ama una samli?" shangazi aliuliza.

Mpaka siku alipomfuma Kafedha akitoka kuoga peku. Kesho yake mabuti yakanunuliwa. "Usiyavue mbele za watu. Nani ataoa mke wa kumbomolea nyumba?"

Kafedha alipotimiza miaka kumi na tisa, mshenga akaja, Mzee Kadenge, na kibuyu cha pombe ya mnazi, kwa niaba ya Kahindi wa Bamburi. Desturi inajulikana: baba hagusi mnazi ule mpaka amwulize binti, na binti akisema "nyweni", amekubali kuolewa.

Shangazi, ili kuzificha nyufa, akatandika mkeka mpya ukuta hadi ukuta. Hapo ndipo alipojikwaa mwenyewe.

"Kafedha, njoo," baba yao, Mwarandu, akaita. Kafedha akasimama ukingoni mwa mkeka.

Mzee Kadenge akamtazama kuanzia chini, akabaki huko huko chini. "Mwanangu, kwani nje kunanyesha?"

"Ana baridi ya miguu," shangazi akadakia.

"Januari hii? Mimi nimekuja na taulo la jasho!"

"Ni baridi ya ndani kwa ndani."

"Basi ayavue, aje. Ama kwenu mkeka hukanyagwa na viatu?"

Kafedha akamtazama Mweri mlangoni, vumbi la kokoto bado limemganda kwenye kope. Mweri akasema kwa midomo tu: "Vua."

Akavua. Hatua moja, na mkeka haukuzuia kitu. Ufa ukaenda chini ya mkeka, tatata, ukapita katikati ya magoti ya mshenga, naye akakinyanyua kibuyu juu kama mtu anayeokoa mtoto mafurikoni.

Alipopata pumzi akasema, "Nyumba ya Kahindi ina sakafu ya vigae. Lakini tutamchukua. Ila mabuti avae siku zote. Hata kitandani."

"Atavaa!" shangazi akasema.

Baba akakohoa. "Kafedha, mnazi huu tunywe, tusinywe?"

Kafedha akaitazama miguu yake. Ilikuwa imepauka kwa kukosa jua, imekunjamana kama kitumbua kilicholala, na vidole vilikuwa vikichezacheza vyenyewe kwa raha. Akaona haya kwa jinsi alivyoitesa.

"Msinywe, baba. Kahindi akitaka, na ayaoe mabuti."

Mweri akacheka hata akakaa chini. "Nyundo imeponyoka hiyo!"

"Na wewe unakwenda wapi?" shangazi akafoka, maana Kafedha alikuwa kashageuka.

"Timboni, shangazi. Dada amegonga mawe kwa mkono vya kutosha."

"Rudi uvae!"

Akatoka peku, hakukwepa jiwe hata moja, ta, ta, ta, mpaka barabarani, Mweri nyuma yake akiokota kokoto kwa upindo wa leso. Siku hizi wamepanga chumba karibu na timbo, sakafu ya udongo. Mabuti yapo pale pale ukingoni mwa mkeka. La kushoto, kuku wa shangazi ametagia. Kafedha mwenyewe hakurudi kuyachukua.