Lebo ya Pili ya Anko Rungasamy

Hapa Chatsworth ukitaka kumchokoza Anko Rungasamy, mwandikie lebo kwa kalamu ya wino. Miaka thelathini na minane alitengeneza vyerehani kiwandani, akastaafu na mikono isiyojua kutulia, akaihamishia kwenye maua ya okidi. Chama chetu cha wapanda okidi hukutana Jumamosi ukumbini nyuma ya hekalu, na kila mkutano lazima agombeze mtu. "Wino unafutwa na jua! Andikeni kwa penseli! Na lebo ni mbili: moja juu, moja ndani ya chungu, chini kabisa!" Tulimcheka sana. Mimi, Logambal, nilicheka kuliko wote.

Okidi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya zambarau yenye mdomo wa manjano, na aliiita Ambigay, jina la mkewe. Siku ilipochanua mara ya kwanza, Anti Ambigay alikuwa anaanika nguo, akamwambia, "Zawadi hujui kununua, nipe hata hilo ua." Akapewa. Kwetu mmea ukishapata jina, kila kipande kinachokatwa kwake hubaki na jina hilo hilo, kiende kwa nani kiende. Miaka sita iliyopita Anti alifariki, Anko akabaki na ua.

Februari mvua ikanyesha wiki mbili, mfereji wa paa ukavujia kile chungu, mmea ukaoza wote. Anko akasimama mkutanoni, kofia mkononi.

"Maishani nilikata vipande viwili tu. Kimoja kilikufa kwa baridi Pietermaritzburg. Kingine nilikiweka meza ya chama ya kubadilishana mimea, na aliyekipata simjui. Jamani, aliye na Ambigay anikatie hata kipande cha kidole."

Meza ile huchagui, unachota namba kwenye bakuli. Tukatazamana.

Roho iliniuma. Nikaamua nimkatie kipande cha okidi yangu ya zambarau, bingwa wa maonyesho miaka mitatu mfululizo. Inaitwa Logambal. Ndiyo, jina langu, kwani vipi? Niliipata meza hiyo hiyo, kisha, kabla sijakariri jina lake, tumbili, mashetani wale, wakaja wakang'oa lebo zangu zote siku moja. Mmea usio na jina haushindanishwi, basi nikaubatiza. Mwaka jana Anko aliutazama weee. "Huyu anafanana na mtu ninayemjua." Nikamwambia, "Anko, badilisha miwani." Akasoma lebo, akapita zake. Chamani kwetu lebo inaaminiwa kuliko macho.

Jumapili nikagonga chungu, ambacho kwa uvivu sikuwahi kukibadilisha tangu niupate, mizizi ikatoka na magome ya mti tunayopandia. Chini kabisa, kipande cha kopo la aiskrimu. Penseli, herufi kubwa: AMBIGAY.

Nilikaa chini kwenye saruji, nikajitukana mwenyewe. Sikufichi, kwa nusu dakika nililitazama pipa la taka. Kisha nikabeba mmea, lebo, na zile tepe tatu za ushindi.

"Anko, mimi ni mwizi."

"Umeiba nini tena, sambusa?"

Nikampa lebo. Akaipapasa kwa kidole, akalia. Na mimi nikalia. Halafu akaona zile tepe.

"Na hizi?"

"Zake. Ameshinda mara tatu kwa jina langu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Loo, Logie! Ambigay angekung'oa nywele mbele ya hekalu!" Akazitundika tepe kwenye picha ya mkewe, juu ya shada la maua.

Akaukata mmea nusu kwa nusu. Nusu yangu aliipanda mwenyewe, na alipofikia lebo ya chini akanipa mgongo. "Usichungulie mpaka utakapobadilisha chungu."

Miaka miwili nisubiri? Mimi? Nilifika nyumbani nikachimbua kwa kijiko. Upande mmoja: AMBIGAY. Upande wa pili, kwa penseli ile ile: ANAISHI KWA LOGAMBAL. ANATUNZWA VIZURI.

Nikairudisha chini kabisa, tumbili wasikofika.