Matundu Yaliyozibwa

Mtaani walimwita Mama Kitalu kwa sababu ya miche aliyoiotesha nyuma ya nyumba yake, penye mteremko. Udongo wa bustani ile ulizuiwa na ukuta wa mawe uliojengwa na kaka yake, mwashi, muda mfupi kabla hajafariki. Aliyeusema vibaya ukuta ule alikuwa amemgusa pabaya.

Mvua zilipokolea, ukuta ulianza kutuna katikati. Huku juu maji yalituama, miche ya nyanya ikaoza mizizi. Jirani wa chini, muuza matairi, akawa anasimama barabarani akimwambia kila apitaye kwamba ukuta ule ulijengwa na mlevi.

"Kaka yangu hakuonja pombe maisha yake yote," Mama Kitalu alimwambia wifi yake, mjane wa marehemu. "Angesema ukuta mbovu, ningenyamaza. Lakini mlevi?"

Wifi, ambaye ndiye aliyebeba kokoto siku za ujenzi, aliuliza swali moja tu. "Yale matundu ya kutolea maji, kule upande wa jirani, bado yanatoa?"

Walishuka asubuhi ile ile, wifi akiwa na patasi na nyundo ya mumewe kwenye mkoba. Mke wa muuza matairi aliwafungulia geti. Mwenyewe alikuwa barazani na wageni.

Ukuta kwa upande wake ulikuwa umepigwa plasta na kupakwa rangi ya maziwa. Hapakuwa na tundu hata moja.

"Yalikuwa yananichafulia gari," alisema bila kuinuka. "Upande huu ni wangu, Mama. Napaka nitakavyo."

"Na maji yapite wapi?"

"Kamuulize marehemu."

Mama Kitalu alinyoosha mkono, wifi akampa patasi na nyundo. Alichuchumaa pale wifi alipomwonyesha, akaanza kugonga. Muuza matairi akaja mbio, akisema anaita polisi.

"Waite," alisema Mama Kitalu. "Waje na ndoo."

Saruji ilipobanduka, maji ya tope yaliruka kwa nguvu, yakalipiga gari ubavuni na kutiririka hadi barazani. Mgeni mmoja aliinua miguu yake, akamtazama mwenyeji wake. "Bwana we, maji yote haya ulitaka yakae wapi?"

Mvua zilipopungua, wifi alimleta mwashi aliyekuwa akifanya kazi na mumewe. Walifukua udongo wote nyuma ya ukuta, wakabomoa palipotuna na kujenga upya. Upande unaogusa udongo waliupaka lami, chini wakalaza bomba lenye matundu lililozungushiwa kitambaa kuzuia tope, juu yake wakajaza kokoto. Bomba likapeleka maji kwenye mtaro wa barabara, na matundu ya ukutani yakaachwa wazi.

Muuza matairi hakuomba radhi. Alimtuma mkewe aseme yaishe.

"Wewe karibu kwangu wakati wowote, dada yangu," Mama Kitalu alimjibu. "Lakini yeye akasimame palepale barabarani alipomtukana kaka yangu, aseme alichokifanya."

Hadi leo hajasimama. Akimwamkia, anaitikiwa kwa mkato, basi.

"Utazikwa na kinyongo hicho, wifi," mjane alimwambia siku moja.

"Nitazikwa nacho," alisema Mama Kitalu, akaendelea kumwagilia miche.